Pindo kwanza, mkasi baadaye: saa ya kumfundisha kazi mwenzako inalipwa na nani?

Barazani kwa jirani yangu kuna fundi cherehani mwenye mashine mbili za kukanyaga na meza moja ya kukatia. Ana kijana anayejifunza kwake, na huu ni mwezi wake wa tano. Sijamwona kijana huyo akishika mkasi hata siku moja. Alianza na pasi ya mkaa na kushona vifungo kwa mkono, akaja kwenye mapindo ya suruali, sasa yuko kwenye mifuko. Juzi nilipeleka suruali ipunguzwe urefu. Fundi aliipima, akaichora kwa chaki, akampa kijana. Alipomaliza, mzee aliushika ule mshono kwa vidole gumba viwili, akauvuta, akafumua kama nusu shibiri, akamrudishia. "Hapa umevuta," alisema, basi. Kijana akakaa tena. Yote hayo hayakuzidi dakika tano, na kwa dakika hizo tano gauni la mteja mwingine, lililokuwa likisubiriwa jioni ile ile, lililala mezani bila kuguswa.

Dakika tano hizo ndizo zilizonifanya niandike. Hakuna aliyemlipa fundi kwa ajili yake. Hazimo kwenye daftari lake la mapato, hazimo kwenye takwimu za mafunzo za nchi, na kama angekuwa ameajiriwa kiwandani, msimamizi wake angeziita uzembe. Lakini ndani yake ndimo kazi ya ushonaji inamohama kutoka mikono ya mtu wa miaka sitini kwenda mikono ya mtu wa miaka ishirini.

Miaka ya 1970, mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Lave, alikwenda Monrovia, Liberia, kuwachunguza mafundi nguo wa Kivai na Kigola, na alirudi huko mara kadhaa. Jambo moja alilolibaini ni hili: nguo hutengenezwa kwa kukata, kisha kushona, kisha kumalizia, lakini mwanagenzi hufundishwa kinyume. Anaanza na kumalizia, yaani vifungo, mapindo na pasi. Baadaye anashona. Mkasi anaufikia mwisho. Nguo zenyewe nazo zina ngazi zake: kofia na nguo za ndani za watoto kwanza, suti mwisho kabisa. Hakuna kamati iliyoketi kuandika mtaala huo, ila ukiutazama kwa makini utaona akili nyingi. Pindo likiharibika linafumuliwa, hasara ni uzi. Kitambaa kikikatwa vibaya kimekwenda, na pesa ya mteja imekwenda nacho. Tena kijana aliyemalizia nguo mia anajua nguo nzima inavyokaa mwilini kabla hajaambiwa aikate, kwa hiyo akiufikia mkasi anaelewa kila kipande kinakwenda wapi na kwa nini.

Mwaka 1991 Lave na mwenzake Etienne Wenger walitumia mafundi hao, pamoja na wakunga wa Kimaya wa Yucatan, Mexico, na wengine, kueleza nadharia yao: mtu hajifunzi kazi kwa kumiminiwa maarifa kichwani, hujifunza kwa kuingizwa polepole katika jamii ya wanaoifanya, akianzia pembezoni na kazi ndogo lakini za kweli, akisogea katikati kadiri anavyoaminiwa. Mengi yanayotajwa leo kuwa mwelekeo mpya wa mafunzo kazini, kama vile jumuiya za kujifunza, kujifunza huku unafanya kazi, na kulelewa na mzoefu, yana shina hapo. Nalisema kwa fahari: baraza za mafundi wa Afrika zimo ndani ya mihadhara ya maofisa rasilimali watu wa dunia nzima. Lingetupa ujasiri sisi wa huku, maana tunacho kitu chenyewe tayari. Hata jina tunalo. Neno "mwanagenzi" lilikuwepo kabla ya wizara zetu za kazi.

Ofisi zetu, za umma na za binafsi, zimeshika njia ya semina. Anayefanya kazi anaijua picha yake. Hoteli ya Morogoro au Bagamoyo, siku tatu. Kitambulisho kinaning'inia shingoni. Asubuhi ya kwanza mwezeshaji anaandika kwenye bango kitita "matarajio ya washiriki", na karatasi ile inabandikwa ukutani mpaka siku ya mwisho bila kurudiwa. Chai saa nne, fomu ya posho inazunguka kabla ya chakula cha mchana, na alasiri projekta inaonyesha slaidi zenye maandishi madogo ambayo mwezeshaji anazisoma zote. Jioni ya siku ya tatu, picha ya pamoja na vyeti.

Niliwahi kupelekwa kwenye semina kama hiyo kuhusu uandishi wa ripoti. Mwezeshaji alikuwa mtu mwenye ujuzi wake, sina lawama naye. Nilirudi na begi la turubai, daftari na kalamu. Mkuu wangu hakuniuliza nimejifunza nini, nami sikuwa na pa kukijaribu nilichojifunza kwa sababu ripoti iliyofuata ilikuwa ya robo mwaka, miezi miwili mbele. Nilipokaa kuiandika, nilifungua ya robo iliyotangulia na kubadilisha tarehe na tarakimu, kama siku zote. Nilikuja kujifunza kuandika ripoti miaka miwili baadaye, nilipohamishiwa meza iliyotazamana na mama mmoja aliyekuwa karibu kustaafu. Alikuwa akisoma rasimu yangu kwa sauti, neno kwa neno, mbele yangu. Sentensi ikimkwama mdomoni alinyamaza na kunitazama. Baada ya wiki chache nilianza kusikia mwenyewe mahali ambapo angekwama.

Siwalaumu wanaokwenda semina kwa ajili ya posho. Kwa mtumishi ambaye mshahara unaishia tarehe kumi na tano, posho ya siku tatu ni ada ya mtoto, na kumwambia aache ni kumwomba ailipie serikali mafunzo yake mwenyewe. Lawama yangu ni kwa kipimo. Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza mwaka 1959 kwamba mafunzo yapimwe kwa ngazi nne: washiriki walivyoyapokea, walichojifunza, walivyobadilika kazini, na matokeo kwa taasisi. Fomu zetu za tathmini zinaishia ngazi ya kwanza. Ukumbi ulikuwaje? Chakula kilikuwaje? Mwezeshaji alieleweka? Miaka zaidi ya sitini imepita na bado tunapima kama wageni wameridhika.

Hali ni ile ile kwenye taaluma zinazodai mafunzo endelevu kwa kuhesabu saa. Wahasibu kwa miaka mingi wamekwenda na kipimo cha kimataifa cha saa 120 kwa kila miaka mitatu, na madaktari, wauguzi na wahandisi wana pointi zao. Nia ni njema na sitaki ifutwe; sitaki kutibiwa na mtu aliyefunga vitabu siku aliyohitimu. Lakini saa ya kukaa ukumbini huku unajibu ujumbe kwenye simu inahesabiwa sawasawa na saa ya kusikiliza, ilhali saa ambayo mhasibu mkongwe amekaa na kijana wake wakitafuta kosa la shilingi elfu tisa kwenye vitabu mara nyingi haihesabiwi kwa yeyote kati yao. Hapo wahandisi wa Tanzania wametangulia. Tangu 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa miaka mitatu unaomweka mhitimu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, katika kazi halisi, kabla naye hajasajiliwa. Ni uanagenzi wa watu wenye digrii, na hakuna anayeuonea aibu.

Katika duru za rasilimali watu kuna fomula inayotajwa sana: asilimia 70 ya ujuzi hutokana na kazi yenyewe, 20 na watu wengine, 10 na kozi. Ilitokana na utafiti wa Morgan McCall, Michael Lombardo na Robert Eichinger huko Marekani, na chanzo chake kikubwa ni mameneja waliofanikiwa wakisimulia walivyojifunza. Tarakimu mviringo namna hiyo siziamini, na kumbukumbu ya bosi kuhusu ujana wake si mzani. Hata hivyo nimewaona wakurugenzi wakiitumia kwa namna inayonitia hofu kuliko hesabu yenyewe: kwa kuwa asilimia 70 "inajifunzwa kazini", bajeti ya mafunzo inapunguzwa na mtu mpya anaachiwa meza, kompyuta na nenosiri, atajifunza mwenyewe. Yule kijana wa barazani hajifunzi mwenyewe. Anajifunza kwa sababu kuna mtu anayeacha gauni la jioni na kuuvuta mshono.

Mwelekeo wa pili unaovuma ni mafunzo ya vipande vidogo, dakika tatu au nne kwa simu, yakirudiwarudiwa. Msingi wake ni wa kale. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachokariri hupotea ndani ya siku moja, na kwamba kukirudia kwa vipindi kunakizuia kisipotee. Naikubali njia hii kwa mambo ya kukumbuka: dozi, namba za viwango, hatua za usalama. Mafundi simu wa Kariakoo wameitumia bila kuambiwa na mshauri yeyote, wakitazama video za watu ambao hata lugha yao hawaielewi. Mikono inayofungua kioo inatosha. Ila video haioni mkono wako. Ukiukaza waya kupita kiasi, haitasema "hapa umevuta".

Kisha akili mnemba. Hapa ndipo mawazo yangu yalipobadilika kidogo, na nitakaa hapo.

Mwaka 2023 wachumi Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond walitoa utafiti wao juu ya wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 wa kampuni ya programu za kompyuta, waliopewa msaidizi wa akili mnemba anayewapendekezea majibu wakati wakiandikiana na wateja. Kwa wastani, idadi ya matatizo waliyoyamaliza kwa saa ilipanda kwa asilimia 14. Kwa wageni na wale wa ujuzi mdogo ilipanda kwa asilimia 34. Kwa wazoefu na mahodari haikubadilika sana. Mgeni wa miezi miwili mwenye msaidizi huyo alifanya kazi sawa na mwenye zaidi ya miezi sita asiye naye. Watafiti walieleza kinachowezekana kuwa chanzo: mashine ilikuwa imejifunza kutokana na mazungumzo ya wahudumu waliokuwa bora, na ilichokuwa ikifanya ni kuchukua walichokijua bila kukisema, yaani lini kuomba radhi, lini kuuliza swali kabla ya kujibu, na kukiweka mbele ya mgeni.

Nilipousoma nilimkumbuka mama wa meza ya mbele. Yule mashine amechukua kazi yake na kuifanya kwa maelfu ya watu kwa pamoja, bila kuchoka, bila kuacha kazi yake nyingine. Nani asingetaka hivyo? Na kwa ofisi ya wilaya yenye mhasibu mmoja tu, ambaye hana wa kumuuliza, nadhani msaada huu unaweza kuwa mkubwa kuliko semina zote alizowahi kuhudhuria. Sitaki kuwa miongoni mwa wanaoikataa teknolojia kwa kuwa imeanzia kwingine.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza ni la haki. Wale mahodari ambao maneno yao yaligeuka kuwa mwalimu wa wengine, wao utafiti unaonyesha hawakupata nyongeza kubwa ya ufanisi kutokana na chombo hicho. Ujuzi wao ulichukuliwa kutoka kwenye kumbukumbu za mazungumzo ukagawiwa. Fundi wa barazani halipwi kwa dakika zake tano, lakini angalau anajua amezitoa, na kijana anamwita mwalimu.

La pili linanisumbua zaidi. Kazi ambazo akili mnemba inazifanya vizuri leo ni mapindo na vifungo. Muhtasari wa kikao. Rasimu ya kwanza ya barua. Kulinganisha daftari la benki na vitabu vya ofisi. Kutafuta kesi zinazofanana na iliyo mezani kwa wakili. Ndizo kazi tulizokuwa tukiwapa waliotoka chuo jana, na kila mtu alidhani tunawapa kwa sababu hazina uzito. Tulikosea. Anayelinganisha daftari la benki miezi sita anajua pesa ya taasisi inavyopita, nani huchelewesha hundi, malipo gani hurudi. Anaijua nguo kabla ya kuikata. Ukimpa mashine mapindo yote ili kuokoa mshahara mmoja, mwaka huu umepata faida. Miaka kumi mbele utahitaji mtu wa kushika mkasi na hutakuwa naye, maana hakuna aliyepita chini. Taasisi inayoleta zana hizi inatakiwa kuamua kwa makusudi ni mapindo gani yatabaki kwa vijana hata kama mashine inayaweza, na kuandika sababu, ili meneja ajaye asiyafute kwa kudhani ni upotevu.

Hayo yote yanarudi kwenye pesa. Tanzania ina Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, SDL, anayotozwa mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi kulingana na jumla ya mishahara. Hadi 2013 ilikuwa asilimia 6; ikashuka hatua kwa hatua hadi 3.5 mwaka 2023, na waajiri wameishangilia kila hatua. Kampuni yenye mishahara ya shilingi milioni 100 kwa mwezi, kwa kiwango hicho, inatoa milioni 42 kwa mwaka. Kwa miaka mingi theluthi moja ya makusanyo imekwenda VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, na theluthi mbili Hazina, ambako imesaidia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Sipingi mikopo, imewasomesha wengi ambao wazazi wao wasingeweza. Lakini muulize mfanyakazi wa kiwandani ambaye mshahara wake umehesabiwa ndani ya tozo hiyo kwa miaka kumi amepata nini kutokana nayo, na muulize mwajiri anayefundisha watu wake mwenyewe anapata nafuu gani dhidi ya yule anayesubiri kuwachukua wakishafundishika. Kenya wanatoza kidogo, shilingi 50 za kwao kwa mfanyakazi kwa mwezi kupitia NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, ila mwajiri anayefundisha kwa utaratibu uliokubaliwa anaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama. Kiasi ni kidogo mno, lakini msingi wake ndio sahihi: anayefundisha asipate hasara.

Kenya hiyo hiyo ina somo la upande wa pili. Septemba 2021 Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilizindua mafunzo ya kitaaluma ya lazima kwa walimu, yaliyopangwa kumfuata mwalimu karibu maisha yake yote ya kazi, na ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka ikaelekezwa kwa mwalimu mwenyewe. Vyama vya walimu vilipinga vikali, na naona vilikuwa na haki. Mwajiri akisema mafunzo ni sharti la kubaki kazini, ni mzigo wa mwajiri.

Wajerumani wana jambo dogo ambalo ningelichukua kesho. Fundi wa Kijerumani akitaka daraja la juu la Meister anafanya mtihani wenye sehemu nne: kazi ya mikono, nadharia ya fani, biashara na sheria, na ya nne ni namna ya kufundisha. Haiwezekani kuwa Meister kwa kushona vizuri tu. Lazima uonyeshe unaweza kumfikisha mwingine. VETA imeshirikiana na chemba ya mafundi ya Hamburg kuendesha uanagenzi wa Kijerumani Dar es Salaam, Moshi na Arusha, kijana akigawa muda wake kati ya chuo na karakana. Tunajua basi jinsi linavyofanyika. VETA vilevile ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi wa mtaani anatathminiwa akiwa anafanya kazi, anapewa mafunzo ya kuziba mapengo, anapata cheti. Nimemwona fundi magari akikitia cheti hicho kwenye fremu na kukitundika juu ya makopo ya oili, na sina neno ila la heshima kwa walioubuni utaratibu huo. Kilichobaki ni hatua moja. Gereji ile ile imetoa vijana wanane ambao leo wana gereji zao. Cheti kinasema anajua injini. Hakuna karatasi inayosema ni mwalimu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa walimu wenyewe. Kwa miaka mingi mafunzo ya walimu kazini Tanzania yalikuwa ya kuitwa: wachache wanakwenda chuoni siku kadhaa, wanarudi kuwafundisha wenzao, na kila ngazi inapoteza kitu njiani. Kwa kiunzi cha mwaka 2020 cha Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, mafunzo yalihamishiwa shuleni. Walimu wanaunda jumuiya za kujifunza, wanakutana hapo hapo, wanatumia moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania lakini wanaanza na tatizo lao wenyewe.

Nilikaribishwa kwenye kikao kimoja cha jumuiya hiyo, shule ya msingi, Ijumaa baada ya vipindi. Walimu saba ofisini, rundo la madaftari ya darasa la tano mezani. Mwalimu wa hisabati alisema wanafunzi wake, wakiambiwa wajumlishe moja ya mbili na moja ya tatu, wanaandika mbili ya tano. Wanajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Ameshafundisha kigawe kidogo cha shirika (KDS) mara tatu. Mwenzake akasema hawasikilizi, na wawili wakatikisa vichwa kukubali. Ndipo mwalimu mmoja mtu mzima, ambaye si wa hisabati, alipochukua karatasi akaikunja katikati. Akaiinua. "Hii ni nusu. Mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko hii?" Kimya. "Ni ndogo. Sasa umeongeza, imepunguaje? Waulize hilo kwanza, Mwalimu, kabla ya KDS." Yule mwalimu kijana aliitazama karatasi kwa muda, akaandika kitu pembeni mwa andalio lake la somo. Aliporipoti wiki iliyofuata, niliambiwa, madaftari yalikuwa bado na makosa, lakini watoto walikuwa wakijishtukia wenyewe.

Hiyo ndiyo semina ninayoitaka. Haikuwa na hoteli. Ilikuwa na daftari la mtoto, kosa la kweli, na mtu aliyelijua jibu kwa mikono yake. Ila nisifiche nilichokiona kingine. Kikao kilianza saa tisa na nusu, baada ya kazi, kwa sababu hakuna wa kushika madarasa mchana. Walimu wawili waliondoka kabla hakijaisha kuwahi usafiri. Kwenye shule nyingine nimesimuliwa jumuiya ambayo ni daftari la mahudhurio tu: linazunguka, linasainiwa, linafungwa. Sishangai. Ukiwaambia watu wafundishane kwa muda wao, bila saa iliyotengwa, wataanza wenye moyo, na moyo nao huchoka.

Mwalimu yule mtu mzima niliongea naye tukitoka. Nilimuuliza kama kazi anayoifanya kwenye jumuiya anaiweka kwenye PEPMIS, mfumo ambao watumishi wa umma hujazia majukumu yao na utekelezaji wake. Alisema anajaza vipindi alivyofundisha, mitihani aliyosahihisha na zamu. Ile karatasi aliyoikunja hakuiweka. Hakuwa amefikiria kuwa ni kazi. Baada ya hapo niliwauliza watumishi wengine watatu ninaowafahamu, muuguzi, mhasibu na ofisa ardhi, kila mmoja akiwa na kijana au wawili anaowaongoza. Hakuna aliyekuwa ameandika.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na maofisa rasilimali watu wanaandaa makadirio yao miezi kadhaa kabla. Kifungu cha mafunzo kitakuwa na nauli, ukumbi, chakula, posho ya kujikimu na ada ya mwezeshaji. Naomba mstari mmoja uongezwe chini yake, kabla ya jumla: saa mbili kwa wiki kwa kila mfanyakazi mwenye mwanagenzi, ziandikwe kwenye majukumu yake, ziondolewe kwenye kazi yake nyingine, na zilipwe.